Njala haikutosha: kisa cha somo la 1789 katika shule moja ya Lubumbashi

## Kisa kwa kifupi

Shule hii ni ya sekondari, katika komini (wilaya ya mji) mojawapo ya Lubumbashi. Jina lake, mwaka wa tukio na majina ya wahusika nimeyaondoa, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili mtu asinyooshewe kidole. Mwalimu wa historia alikuwa anafundisha sababu za Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Alianza kama tunavyoanza wengi wetu, kwa orodha. Mwanafunzi mmoja akauliza swali ambalo orodha haikuweza kulijibu. Mwalimu akabadilisha njia, kalasi ikachangamka kupita alivyotarajia, na muda si mrefu akaitwa ofisini kwa Prefe, mkuu wa shule. Nilikaa nyuma ya kalasi katika sehemu ya masomo hayo, na karatasi za wanafunzi nimezisoma. Mwalimu mwenyewe ameipitia habari hii na kukubali itolewe.

## Mazingira

Kalasi ni kubwa. Benchi la watu watatu linabeba wanne, na kitabu cha historia ni kimoja tu, cha mwalimu. Kwa hiyo somo linasomwa polepole kwa Kifaransa, wanafunzi wanaandika, kisha linaelezwa kwa Kiswahili. Ndivyo zilivyo shule nyingi hapa kwetu. Mbele ya wote uko mtihani wa Serikali, na sehemu kubwa ya mtihani huo ni maswali ya kuchagua jibu. Aliyekariri tarehe na vichwa vya habari anapata pointi zake. Anayeicheka orodha afundishe kwanza kalasi ya namna hiyo.

Orodha yenyewe inajulikana. Sababu za kisiasa: mfalme mwenye mamlaka yote, anayedai kutawala kwa haki ya Mungu. Za kijamii: matabaka matatu, yaani makasisi, makabaila, na Tabaka la Tatu lililobeba waliobaki wote, zaidi ya watu 95 kwa kila 100 katika nchi ya watu wapata milioni 28. Za kiuchumi: hazina tupu na mavuno mabaya. Za kifikra: Voltaire, Montesquieu, Rousseau. Hakuna uongo humo. Taabu ni kwamba sababu nne zinakaa zimepangwa kando kwa kando na hakuna hata moja inayoigusa mwenzake.

Jambo jingine la mazingira, nitalirudia chini: mwisho wa mwezi kuna wanaofukuzwa kwa sababu ya minervali, yaani ada ya shule. Wanakaa nyumbani siku mbili tatu mpaka wazazi wapate pesa.

## Mambo yalivyofuatana

### Intero na mfuko wa unga

Baada ya somo la kwanza mwalimu alitoa intero, yaani jaribio fupi, ya swali moja: eleza kwa nini mapinduzi yalitokea Ufaransa mwaka 1789. Karatasi karibu zote zilifanana. Mfalme alikuwa mbaya, watu walikuwa na njala, wanafalsafa waliwafungua macho. Ungefuta 1789 ukaandika 1750, hakuna jibu hata moja ambalo lingeharibika. Mwalimu aliliona hilo mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kuwaletea wanafunzi jambo wanalolijua mwilini. Lubumbashi inakula bukari, yaani ugali, na unga mwingi unatoka Zambia kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa. Upande wa pili wakizuia mahindi kuvuka, hapa mfuko wa kilo 25 unapanda bei na kila mama wa sokoni anajua sababu. Basi akaandika ubaoni bei za Paris. Mkate wa ratili nne uliuzwa sou (sarafu ndogo ya wakati huo) 8 au 9 wakati wa kiangazi cha 1788. Tarehe 13 Julai mwaka huo mvua ya mawe ilipiga mashamba ya upande wa Paris. Ikafuata baridi kali, mito ikaganda, vinu vya maji vikasimama. Februari 1789 mkate ule ule ulifika sou 14 na nusu. Kibarua wa Paris alikuwa anapata sou 20 hadi 30 kwa siku. Wanafunzi wakapiga hesabu wenyewe: mkate mmoja ulikula nusu ya mshahara wa siku kwa aliyelipwa vizuri, na karibu robo tatu kwa aliyelipwa vibaya. Bado kodi ya nyumba, bado kuni, bado chumvi yenye ushuru wa mfalme.

Kalasi ilielewa mara moja, na mwalimu akadhani kazi imekwisha. Hapo mkono ukanyooshwa nyuma.

"Mwalimu, kama njala njo inaletaka mapinduzi, siye tungekuwa na yetu zamani."

Watu wakacheka. Msichana wa benchi la pili akaligeuza likawa swali zima: "Mulitwambia kwa Louis ya kumi na ine batu balikufa na njala kupita apa. Juu ya nini habakumutosha?" Yaani, mbona hawakumwondoa mfalme huyo?

Alikumbuka vizuri. Katika somo la nyuma mwalimu alikuwa ametaja, kwa kupita tu, njaa ya 1693 na 1694 iliyoua Wafaransa zaidi ya milioni moja, na ile baridi ya 1709 iliyofuatwa na vifo vya mamia ya maelfu. Louis XIV alikufa kitandani mwake mwaka 1715, akiwa mfalme.

### Kutojibu

Mwalimu aliniambia baadaye kwamba jibu alikuwa nalo mdomoni: wakati wa Louis XIV watu walikuwa bado gizani, wanafalsafa hawajaandika. Alijua pia kwamba kalasi ingelipokea na kuliandika. Hakulitoa, kwa sababu alipolifikiria aliona kuwa hata mwaka 1775, Voltaire na Rousseau wakiwa wamekwisha kusomwa kote na wote wawili wakiwa hai, mkate ulipanda bei, watu wakavamia masoko na maghala katika kile kilichoitwa Vita vya Unga, askari wakatumwa, na utawala ukaendelea. Njaa ilikuwepo, vitabu vilikuwepo, mapinduzi hayakuja.

Akaandika swali la msichana juu kabisa ya ubao na kusema halitafutwa mpaka lijibiwe. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora katika kisa chote, na haukugharimu kitu.

### Hesabu ya mfalme

Somo lililofuata lilianza na namba. Mwalimu alitumia hesabu za serikali ya Ufaransa za 1788, na za mwaka huo zinajulikana vizuri: mapato kama livre (pesa ya Ufaransa ya wakati huo) milioni 503, matumizi kama milioni 629. Akamwita mwanafunzi atoe. Pengo, milioni 126. Kisha akauliza: pesa ilikwenda wapi? Kalasi nzima ikajibu kwa sauti moja: kwa malkia, kwa nguo, kwa karamu za Versailles.

Akaandika: jumba la mfalme na watu wake wote, karibu 6 kwa kila 100 ya matumizi. Kulipa madeni na faida (riba) zake, milioni 318, zaidi ya nusu.

Palikuwa na kelele kidogo. Mmoja alikataa kabisa, akasema hesabu hiyo wameipika watu wa mfalme. Haikuwa hoja ya kijinga, maana hesabu za mfalme ziliwahi kupikwa kweli: mwaka 1781 Necker, aliyekuwa mkuu wa fedha, alitoa kwa umma hesabu iliyoonyesha ziada ya livre milioni 10, akiwa ameacha nje gharama za vita. Vita hivyo ni vile vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza, ambamo Ufaransa iliingia 1778 na kutoka 1783 ikiwa imetumia zaidi ya livre bilioni moja, nyingi ya kukopa. Miaka michache baadaye, Calonne, mmoja wa waliomfuata katika kazi hiyo, aliposema hazina ina shimo kubwa, watu wakamuuliza ziada ya Necker imeliwa na nani. Maneno yale ya malkia kwamba wasio na mkate wale keki, mwalimu aliyaondoa kwa sentensi moja: hakuna ushahidi kuwa aliyasema, na hadithi hiyo ya binti mfalme asiyejua shida iliandikwa kabla hajawa malkia. Sikuona sababu ya kukaa hapo zaidi, naye hakukaa.

### Mchezo wa kodi

Ili kuonyesha kwa nini mfalme mwenye mamlaka yote alishindwa kuziba pengo la pesa, mwalimu aligawa kalasi. Msichana yule yule akawa Calonne. Mvulana mmoja mrefu akawa mfalme. Safu moja wakawa makabaila na maaskofu wa Baraza la Wakubwa lililoitwa Februari 1787. Safu nyingine wakawa mahakimu wa parlement ya Paris, mahakama kuu ambayo ilibidi iandikishe amri ya kodi kabla haijaanza kutumika. Calonne alikuwa na pendekezo moja: kodi ya ardhi ambayo kila mwenye ardhi analipa, awe kabaila, awe askofu.

Wakubwa wakakataa, na walikataa kwa werevu: kwanza tuonyeshe hesabu. Calonne halisi alifukuzwa kazi Aprili 1787. Mahakimu nao wakasema kodi mpya haiwezi kukubaliwa ila na wawakilishi wa nchi nzima, lile Baraza la Matabaka ambalo kitabu kinaliita États généraux, na ambalo mara ya mwisho lilikutana mwaka 1614. Hapo mfalme wa kalasi akachoka na kupiga benchi: "Miye njo mufalme, mutalipa!" Hakimu mmoja akamjibu bila kusimama: "Sawa, lipisha weye peke yako."

Mwalimu aliwaacha kidogo, kisha akawaambia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Agosti 1787 Louis XVI, mfalme halisi wa wakati huo, alilazimisha amri ziandikishwe mbele yake. Kesho yake mahakimu wakazitangaza batili. Akawahamishia mji wa Troyes, kisha ikabidi awarudishe. Mei 1788 alijaribu kuwanyang'anya nguvu kabisa, na Juni watu wa Grenoble wakapanda juu ya nyumba na kuwatupia askari vigae. Tarehe 8 Agosti 1788 mfalme akakubali kuliita Baraza la Matabaka kwa mwaka unaofuata. Tarehe 16 hazina ikasimamisha sehemu ya malipo yake, na waziri wa wakati huo, Brienne, hakumaliza mwezi.

### Malalamiko

Hapa ndipo kisa kinapoiacha Ufaransa na kuingia shuleni. Kabla ya Baraza kufunguliwa tarehe 5 Mei 1789, kila parokia na kila chama cha mafundi kiliombwa kuandika daftari la malalamiko yake. Makumi ya maelfu ya madaftari hayo yaliandikwa. Mwalimu akatoa kazi ya nyumbani: kila mmoja awe mkulima, fundi au kasisi wa kijiji, aandike malalamiko matano.

Wengi waliandika walichoombwa: ushuru wa chumvi, zaka, njiwa wa kabaila wanaokula mbegu, sungura asiyeruhusiwa kuwindwa. Hiyo ya njiwa iliwafurahisha sana. Mmoja alichora njiwa aliyenona mwenye taji. Lakini karatasi kadhaa hazikuwa na kijiji cha Ufaransa. Ziliandika minervali, kufukuzwa katikati ya intero, vyoo, na mwalimu mwingine (kwa jina) anayekuja kwa kuchelewa. Karatasi moja ilionekana na mzazi, naye asubuhi akafika kwa Prefe.

"Bwana Prefe, batoto tunabatuma kusoma ao kupinga bakubwa?"

Prefe alimwita mwalimu na kumtaka alete karatasi zote. Mwalimu alikuwa na dakika chache za kuamua. Angeweza kuleta zile za Ufaransa tu. Aliamua kuleta zote, ila akakunja na kubandika sehemu yenye majina ya wanafunzi. Sababu aliyonipa ni ya mtu mzima: Prefe akigundua baadaye kuwa amefichwa, atakayelipa ni wanafunzi.

Prefe alizisoma, na kwa haki yake lazima niseme hakupandisha sauti. Alimwambia mwalimu mambo mawili. Kwanza, kazi yoyote inayogusa shule ipite kwake kabla ya kutolewa. Pili, awaite wanafunzi wawili waje. Aliwasikiliza, akakataa habari ya vyoo kwa kuwa pesa hakuna, akakataa kabisa kuzungumza juu ya mwalimu aliyetajwa, na akakubali jambo moja: siku ya intero hakuna atakayefukuzwa kabla ya kumaliza karatasi yake. Kwa mzazi alisema, "Papa, ni historia. Malalamiko yao nimesikia."

## Matokeo

Mtihani wa mwisho wa kipindi ulirudisha swali la kwanza, maneno yale yale. Safari hii majibu mengi yalikuwa na mwendo: vita, mkopo, pengo, kodi iliyokataliwa, Baraza, malalamiko, na mkate juu yake. Tarehe zilikuwa na kazi. Waliofanya vizuri zaidi walieleza kwamba uchaguzi na uandishi wa malalamiko uliangukia Machi na Aprili 1789, miezi ambayo mkate ulikuwa ghali kuliko miaka mingi. Mfalme aliwauliza watu wanaumia wapi wakati ule ule walipokuwa wanaumia zaidi, na kwa kuwauliza aliwapa ruhusa ya kukusanyika. Mmoja aliandika kwamba ghasia za Aprili 27 na 28 kwenye kiwanda cha karatasi za ukutani cha Réveillon zilitokea Paris huku uchaguzi ukiendelea. Sikutegemea kuliona hilo katika karatasi ya mtihani.

Upande mwingine, wapo walioandika deni peke yake. Njaa ilitoweka, matabaka yakatoweka, wanafalsafa wakatoweka. Wawili walimfanya Calonne kuwa mwanamapinduzi. Na kulikuwa na fungu la karatasi zilizorudi kwenye orodha ile ile ya sababu nne, neno kwa neno. Nilipolinganisha na daftari la mahudhurio nikakuta nyingi ni za wanafunzi waliofukuzwa kwa minervali siku za hesabu na za mchezo. Waliporudi walinakili madaftari ya wenzao, na kilichoweza kunakiliwa ni orodha.

## Uchambuzi

### Swali la 1709 lilifanya nini

Nguvu ya kisa hiki iko katika "mbona si wakati ule?" Swali la "kwa nini" peke yake linazaa orodha, kwa sababu kila kibaya kilichokuwepo kabla ya 1789 kinaweza kuingizwa. Ukiweka mwaka mwingine pembeni, wenye mabaya yale yale lakini bila mapinduzi, kila sababu inalazimika kujitetea. Njaa ilishindwa kujitetea ikiwa peke yake. Mamlaka yote ya mfalme nayo yalishindwa, maana Louis XIV alikuwa nayo zaidi. Hata vitabu, kama tulivyoona kwa 1775.

Mwalimu hakulipanga, lilitoka benchi la pili. Alichofanya yeye ni kuliacha ubaoni.

### Jibu la deni lilisimamishwa mapema

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwalimu, na tumelizungumza kwa muda mrefu. Alipofika kwenye deni aliona amefika. Lakini rudisha swali lile lile. Mwaka 1709 Louis XIV alikuwa na njaa na deni pia: alikuwa katikati ya vita virefu vya urithi wa kiti cha Hispania, hazina imekauka, vyombo vya fedha vya jumba la mfalme vinapelekwa kuyeyushwa. Na mwaka 1710 alitoza kodi mpya, sehemu moja ya kumi ya mapato, makabaila wakiwemo, bila kuita baraza lolote.

Tofauti iko kwa mahakimu. Mwaka 1673 Louis XIV aliwaondolea parlement nguvu ya kupinga amri kabla ya kuiandikisha. Wangeweza kulalamika baada ya kuandikisha, yaani maneno matupu. Alipokufa mwaka 1715, mtawala aliyeshika nafasi ya mfalme mtoto aliwarudishia nguvu hiyo. Louis XV aliwavunja tena mwaka 1771, na Louis XVI, kijana wa miaka 20 anayetaka kupendwa, akawarudisha 1774. Kwa hiyo mwaka 1787 deni lilimkuta mfalme mbele ya watu wanaoweza kusema hapana kwa sauti, kwa maandishi yanayochapwa na kusomwa Paris nzima. Mwaka 1709 watu hao walikuwa wamefungwa midomo.

Kama mwalimu angeuliza "mbona si 1709?" mara ya pili, baada ya namba, wale walioandika deni peke yake wasingeliandika. Walitoa sababu moja wakaingiza nyingine mahali pake, kwa sababu jaribio lilifanywa mara moja tu. Kuna ushahidi wa pembeni pia: Uingereza ilitoka katika vita ile ile na deni zito kupita la Ufaransa ukilipima kwa kichwa, lakini bunge lake ndilo lililopitisha kodi za kulilipa, wakopeshaji wakaliamini, na faida waliyodai ilikuwa ndogo. Mfalme wa Ufaransa alikopa kwa bei ya juu kwa sababu hakuna aliyeweza kuahidi kwa niaba yake isipokuwa yeye mwenyewe.

### Mfuko wa unga

Ulisaidia kuingia na ukazuia kutoka. Wanafunzi waliuelewa upesi mno. Kwa masomo mawili kila jambo lilirudi kwenye bei, na ingekuwa si yule kijana wa nyuma kukataa, somo lingeishia kwamba watu wenye njaa wanapindua wafalme. Mfano wa nyumbani unafaa, ila mwalimu anapaswa kuufikisha mpaka pale unapoacha kulingana: hapa unga ukipanda, watu wanamlaumu mfanyabiashara, mpaka, dola, barabara. Ufaransa mfalme alikuwa ameahidi kwa vizazi kwamba chakula cha watu ni juu yake. Walimwita mwoka mkate. Mwezi Oktoba 1789, wanawake wa Paris walipotembea mpaka Versailles na kumrudisha mjini pamoja na malkia na mtoto wao, walisema wanamleta mwoka mkate, mke wake na mtoto wa mwoka mkate. Mkate ulipopanda bei, lawama zikamwangukia yeye.

### Nani hakuwemo katika mchezo

Wakulima. Walikuwa sehemu kubwa ya watu wa Ufaransa na hakuna hata benchi moja lililopewa sauti yao. Walipata karatasi ya nyumbani tu. Matokeo yake ni kwamba hakuna mwanafunzi aliyeweza kueleza usiku wa 4 Agosti 1789. Kwa nini makabaila wasimame wenyewe na kuachia haki zao za kikabaila? Kwa sababu Julai yote vijiji vilikuwa vinavamia ngome na kuchoma hati za madai. Mchezo ulionyesha wakubwa wakigombana na mfalme, na ugomvi huo kweli ndio uliofungua mlango. Lakini mahakimu waliopigiwa makofi mwaka 1788 walizomewa Septemba ile ile, walipoamua Baraza likutane kwa utaratibu wa 1614, yaani kila tabaka na kura yake, wawili dhidi ya mmoja. Bila hatua hiyo haieleweki kwa nini Tabaka la Tatu lilijitangaza Bunge la Taifa tarehe 17 Juni. Kalasi iliruka hapo moja kwa moja mpaka Bastille, ngome ya gereza ya Paris, ambayo Julai 14 ilikuwa na wafungwa 7 tu ndani.

Wanafalsafa nao walipotea katika njia mpya, na mimi nisingewarudisha pale juu walipokuwa. Ningewaweka kwenye majira ya baridi ya 1789, mahali wanapoonekana wakifanya kazi: kasisi Abbé Sieyès anachapa kijitabu juu ya Tabaka la Tatu Januari, watu waliopewa nafasi ya kusema wanakuta maneno ya kusemea yako tayari, taifa, haki, uwakilishi.

### Karatasi za malalamiko na ofisi ya Prefe

Kazi ya malalamiko ilikuwa nzuri, maelekezo yake yalikuwa mabaya. Kuwaambia vijana "andikeni malalamiko" bila kuwapa parokia, mwaka na kabaila wa kumlalamikia ni kuwaalika waandike yao. Yale ya shule yalikuwa ya kweli, lakini jina la mwalimu mwingine halikupaswa kupita kwenye karatasi ya historia. Mwalimu kukunja majina ya wanafunzi kuliwalinda. Kutoficha karatasi kulimlinda yeye.

Juu ya Prefe nina neno moja zaidi, nalo si la sifa tupu. Alijibu jambo dogo lililokuwa katika uwezo wake na kukataa mengine wazi, na wanafunzi wawili walitoka wakijua walichopata na walichokosa. Amri yake ya kwanza, kwamba kila kazi ipite kwake, bado ipo, na tayari mwalimu wa uraia ameacha zoezi moja kwa kuogopa foleni ya ofisini.

## Yatakayobadilishwa

Mwaka ujao mwalimu ataanza na 1709, kabla ya 1789, na swali la msichana litaandikwa ubaoni siku ya kwanza. Namba zitakuja mapema, na kila mwanafunzi atazipata kwenye karatasi moja iliyonakiliwa kwa mkono na kupigwa fotokopi, ili anayefukuzwa arudi nayo mkononi. Mchezo utakuwa na mabenchi mawili ya wakulima wanaokaa kimya mpaka Machi 1789, halafu wanapewa neno.

Swali moja limebaki bila somo lake. Kijana wa benchi la nyuma aliuliza siku ya mwisho kwa nini Louis XVI hakukataa tu kulipa deni, kama wafalme waliomtangulia. Sehemu ya jibu ipo: mwaka 1770 Abbé Terray, waziri wa Louis XV, alikata malipo ya wakopeshaji bila kiti cha mfalme kutikisika, mwaka 1774 Turgot, waziri mpya wa fedha, alimwahidisha mfalme kijana kwamba hatakataa kulipa madeni, na waliokuwa wanaidai hazina kufikia 1788 walikuwa makabaila, mahakimu na matajiri wa Paris wenyewe, watu wale wale ambao mfalme alihitaji wamkubalie kodi. Mwalimu ameliweka kuwa somo la tatu.